Kioo cha Kuchungulia Mzinga

Mimi ni mtu wa kushuku. Mke wangu alizoea kunitania kwamba hata mchungaji akifumba macho kuomba, mimi hubakisha jicho moja wazi nimchunge. Ni kweli, na sikuona aibu nayo, mpaka kile kiangazi cha mwanzoni mwa miaka ya tisini nilipomshuku mdogo wangu.

Baba alituachia mzinga mmoja wa gogo, mwatu kama tunavyouita, ukining'inia kwenye mgunga nje kidogo ya Kalamba. Sheria yake ilikuwa moja tu: hakuna kuufungua kama mwenzako hayupo. Mwaka huo niliugonga nikausikia mtupu. Na asubuhi mbili nilikuwa nimemwona mdogo wangu akitoka kwenye ule mti na mkebe mkononi. Basi, nikajumlisha. Kwetu mwizi wa asali hasamehewi upesi. Nilienda kwa wazee wa kanisa, wakaamua kwamba Jumapili asimamishwe mbele ya watu ajieleze, na kabla ya hapo mtu yeyote asiguse kifuniko cha mzinga.

Hapo nikakwama. Asali huvunwa kwa kukata masega kwa kisu, na alama za kisu ndizo zingekuwa ushahidi wangu. Lakini nikiufungua, atasema mimi ndiye niliyekata. Nilihitaji kitu cha kuonea ndani bila kufungua.

Kule Emali, muuza spea za magari alikuwa navyo viwili. Kimoja kilikuwa bomba jembamba lenye lenzi na balbu, la kuchungulia ndani ya injini. Kingine kilikuwa kioo kidogo cha duara kwenye fimbo ya chuma inayorefuka, kichwa chake kikigeuka huku na huku. Alilisifu lile bomba mno, na mtu akisifu mno mimi hurudi nyuma. Nikamwambia, "Tia kitu ndani ya birika lako la chai, mimi nikiangalia kando. Chombo kitakachonionyesha ni nini, ndicho nitakachonunua."

"Mzee, kwani unafikiri nakuuzia uchawi?" aliuliza, lakini akatia.

Kwa bomba niliona wekundu, halafu weusi, kila mara sehemu ndogo kama punje ya mbaazi. Ningeapa ni kipande cha nyama. Kwa kioo na tochi yangu niliona kifungo cha koti, matundu manne, na uzi mwekundu ungali umening'inia. Nikachukua kioo. Hata hivyo nilikigeuza mara tatu nikitafuta ufa.

Jumamosi nilipanda mgunga. Nilikipitisha kioo pembeni mwa kifuniko, mahali palipokuwa pamemeguka. Nilikuwa nimepamegua mwenyewe. Miezi yote ile ya kiangazi, kila Jumamosi, nilikuwa nikiufungua mzinga kwa siri kuhakikisha kwamba mdogo wangu hajaiba, ingawa nyuki walinifukuza kabla sijaona ndani vizuri. Kwa akili zangu huko hakukuwa kuvunja sheria ya baba, kulikuwa kuilinda.

Masega yalikuwa mazima. Hapakuwa na alama ya kisu hata moja. Yalikuwa makavu, yamefunikwa na utando wa nondo, na nyuki hawakuwepo. Nyuki wakisumbuliwa kila mara huhama, jambo ambalo kwetu hata mtoto analijua. Nilikaa pale kwenye tawi nikiona aibu mpaka masikio yakawa moto.

Niliposhuka nikauona mkebe, upande wa mti ambao sikuzoea kupita. Ulikuwa na maji nusu, na vijiti vikielea juu ili nyuki watue wanywe bila kuzama. Kiangazi chote mdogo wangu alikuwa akiwaletea maji. Sikuwahi hata kumuuliza alichobeba.

Jumapili nilisimama kabla hajaitwa. Nilisema yote, pamoja na zile Jumamosi zangu. Nje ya kanisa mdogo wangu alinifuata, nikajiandaa kutukanwa.

"Kaka, wamehama wote?" aliuliza.

"Wote."

Alifikiri kidogo. "Basi nitaendelea kuweka maji. Huenda wakarudi." Kisha akasema Jumamosi niwe nakuja naye, tuangalie pamoja.