Mizizi Myekundu ya Chupani

Katika miaka ya tisini, mjini Thika, mtu aliyejua kuufanya mmea utengeneze rangi ndani ya chupa alikuwa mmoja tu: mimi. Nilikuwa nimerudi na stashahada niliyoisomea ng'ambo huku nikiosha vyombo hotelini, nikageuza chumba cha nyuma cha nyumba yangu ya kupanga mtaani Kamenu kuwa maabara.

Kuna bakteria wa udongoni anayepenyeza jeni zake ndani ya mmea, na mmea huanza kuotesha mizizi mingi kama nywele. Nilimtumia kwa bitiruti. Mizizi ikanawiri katika maji ya sukari, bila udongo wala jani, imejaa wekundu. Nilikuwa na chupa kumi na mbili za jemu, zisizo na kijidudu hata kimoja.

Ijumaa, meneja wa kiwanda cha juisi angekuja kutoka kwake Ruiru kuiona rangi hiyo. Akiipenda, angenipa maabara ya kweli. Akiikataa, ningerudi kuuza mbegu katika duka la mtu.

Alhamisi alikuja baba, ambaye kijijini hana mpinzani kwa kutengeneza muratina, pombe yetu ya wazee. Niliporudi kutoka sokoni nilikuta chupa zangu kando ya jiko, ziko wazi, zimefunikwa blanketi langu.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimekuokolea pombe. Umeiweka kwenye baridi na kuikaza vifuniko. Itachachaje?"

"Hii si pombe. Ni sayansi."

"Basi sayansi yako ilikuwa inasikia baridi."

Kufikia asubuhi chupa zilitoa povu. Meneja alinusa ya kwanza, akanitazama, akanusa ya pili.

"Daktari, nimeitwa kuangalia ama kuonja?"

"Ngoja Jumapili," baba akamshauri. "Bado changa."

Kifuniko kimoja tu kilikuwa kimemshinda baba, kwa sababu nikifunga kitu, kimefungwa. Meneja aliiinua chupa hiyo dirishani. Akaigeuza polepole kwenye mwanga, akiutazama wekundu wake.

"Imebaki hii moja?"

"Kipande cha urefu wa ukucha kinatosha kuanzisha chupa nyingine," nilisema, na ni kweli.

Akafikiri. "Nitakupa chumba kiwandani. Kina kufuli. Ufunguo ni wangu na wako." Akamgeukia baba. "Mzee, utanisamehe."

Nilikubali kwa utulivu wa mtu aliyezoea kushinda. Kisha nikazichemsha zile kumi na moja kwenye sufuria ya presha kuua kila kijidudu, baba akiwa amevua kofia kama aliye mazishini.