Machicha ya Dorkasi

Wifi yangu Dorkasi alikuwa mkaidi, na namsema hivyo kwa mapenzi. Kaka yangu alipofariki kwenye shamba la mkonge, tulimwambia arudi kwao Muheza. Akagoma. Alipanga chumba mtaa wa Mabawa na bintiye Lea, akaanza kutengeneza mafuta ya nazi, na haikupita muda nyumba za Waarabu wa Chumbageni zikawa hazimpambi bibi arusi bila mafuta yake.

Wenzake walikamua tui, wakaridhika. Yeye alitia maji ya moto tena, akasokota kifumbu cha kukamulia tena, mpaka machicha yakatoka makavu kama unga wa mbao. Tui lote lilikwenda kwenye sufuria ya mafuta. Machicha yalikwenda kwenye chungu cha nyumbani, pamoja na mchicha na chumvi. Mafuta yenyewe yalikuwa ya kuuza. Ukimwuliza Dorkasi mtoto anakula nini, alijibu kwa maringo, "Nazi kila siku, wifi! Nani mwingine hapa Mabawa anakula nazi kila siku?"

Jioni moja ya mwaka hamsini na nne nilikuwa kwake tukipiga soga. Jua ndiyo kwanza limezama, kuku bado wanadonoa uani. Dorkasi akamtuma Lea upawa. Mtoto akapapasa ukuta, akageuka, akaenda moja kwa moja kwenye jiko linalowaka. Nilimdaka kwa gauni.

"We Lea, huoni moto?"

"Shangazi, si usiku huu?"

Dorkasi akacheka. "Anacheza huyo." Halafu akapunga mkono mbele ya uso wa mwanawe. Lea hakupepesa. Kicheko kikakatika. Mchana ule ule mtoto alikuwa ametuchambulia mchele!

Asubuhi tulikuwa zahanati. Dresa, yaani mganga msaidizi, aliitwa Mohsin, kijana wa Chumbageni, na dada yake aliolewa akiwa amesingwa manjano kwa mafuta ya Dorkasi. Alitusalimu shikamoo, akammulika Lea macho kwa kurunzi, akauliza mtoto anakula nini.

"Nazi kila siku," alisema Dorkasi.

"Tui lake?"

"Machicha, kwa mchicha. Tui ni la mafuta."

Mohsin akaizima kurunzi. "Mama Lea, manjano ya dada yangu uliyachanganya na nini?"

"Na mafuta."

"Mbona si maji?"

"Kwenye maji yanatuama chini, baba. Hayakolei."

"Basi ile dawa ya macho iliyomo kwenye mchicha ndivyo ilivyo. Mafuta yameumbwa kwa minyororo mirefu isiyopatana na maji, na dawa hiyo nayo haipatani na maji. Inasafiri ndani ya mafuta tu. Mtoto anakula mchicha, lakini hakuna cha kuibeba, inapita tumboni na kutoka. Na si macho peke yake. Mafuta ni akiba ya nguvu, yanautunzia mwili joto, hata kila chembe ya mwili imezungukwa na utando wa mafuta. Huyu mtoto hayapati."

Nilimtazama wifi yangu. Mikono yake ilikuwa inang'aa mpaka kwenye viwiko. Aliiona na yeye. Akaificha ndani ya kanga, akakaa sakafuni palepale. Mimi nilitamani kumpiga na kumkumbatia kwa pamoja. Mtoto wa mtengeneza mafuta, jamani!

Mohsin alitupa chupa ya mafuta ya ini la samaki. Alisema tumewahi, jicho likishaota kovu, hakuna mafuta ya kulirudisha. Nami nisikuweke roho juu: Lea alipona, na leo anatunga uzi kwenye sindano bila taa.

Lakini jioni ya siku ile tuliyotoka zahanati sijaisahau. Dorkasi hakukamua kitu. Alichukua chupa ya bibi arusi mmoja, iliyokwisha fungwa, akaifungua, akamimina kwenye mchicha. Tukamwekea Lea sahani mapajani, maana giza lake lilikuwa limeshaingia. Alionja, akaacha kutafuna, akageuza uso huku na huku akimtafuta mama yake.

"Mama," alisema, "leo mboga inanukia kama wewe."