Kuni za Wageni

Siku ile ya ukungu naikumbuka, mwanangu, kama vile moshi wake bado uko kwenye nguo zangu.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza, nami msichana niliyelelewa na bibi hapa Mahongole, kando tu ya Makambako. Kila mwaka, msimu wa baridi, mkutano mkuu wa kanisa ulifanyika Makambako. Watu wa kijiji cha Matembwe waliutamani kwao, hawakuupata. Nilidhani sababu naijua, hata nikamwambia bibi: barabara zinakutana hapa, basi.

Kila nyumba ilikuwa na kuni za wageni, zimepangwa chini ya upenu tangu kiangazi kilichopita, hazishikwi. Mimi nilizishika, nikapikia kila siku. Kuni za msituni zilikuwa mbichi, nami mvivu. Nilichomoa za nyuma, safu ya mbele nikaiacha imesimama. Bibi akipita anaona ukuta mzima.

Siku ya mkutano wageni walitoka ndani ya ukungu kama ndoto. Nyimbo zilitangulia, watu baadaye. Mgeni wetu wa kila mwaka alikuwa mama mzee wa Lupingu, kule ziwani wasikojua baridi.

“Kamwene, dada,” alimsalimu bibi, meno yanagongana.

Safu ile moja ikaisha upesi. Nikaweka mbichi. Moshi ukajaa, moto hakuna.

“Dada, mwaka huu mnatukausha kama dagaa?” mgeni akamtania bibi. Watu wakacheka. Bibi hakucheka. Yule mama akajifunika kanga, akasema taratibu, “Matembwe wametuita mwakani. Nadhani tutakwenda.”

Bibi akanivuta nje.

“Wewe! Njia panda ngapi ziko nchi hii? Mbona hawalali huko? Watu hurudi walikoota moto. Umechoma mkutano wetu.”

Nilirudi ndani. Nilimpa mgeni blanketi langu, mimi nikatetemeka.

Mwaka mzima nilikata kuni, nikazipanga mpaka zikagusa paa. Siku ilipofika nilisimama barabarani, ukungu mweupe, nasikiliza. Kimya. Kimya tena. Halafu wimbo, kwa mbali, na sauti ya yule mama wa Lupingu:

“Binti! Kuni zipo, au ni moshi tena?”

Nililia, sikuficha.

Mwanangu, akiba haiozi, lakini ya mgeni usiidokoe hata kijiti. Mji haukui kwa barabara. Barabara humleta mtu mara moja tu, moto ndio humrudisha. Kama unataka watu wakutane kwako, anza kukata kuni wakati hakuna anayekuja.

Mungu akupe mlango unaobishwa hodi, na kuni kavu nyuma yake.