Dole Gumba la Athumani

Juzi hapa Magomeni nilipita kwenye gereji ya jirani, nikamkuta kijana anabandika bati ubavuni mwa basi dogo. Alikuwa anakamua gundi nyeusi, nzito, kwenye fremu. Harufu ilinipata puani nikasimama. Si gundi ile ile, najua; hii ya siku hizi inanunuliwa dukani. Lakini pua yangu haikutaka kusikia hayo. Ilinirudisha kambini, kwenye shamba la mkonge, enzi za Mwingereza, nikiwa na gauni moja na kelele nyingi.

Baba yangu alikuwa fundi wa bodi za malori pale shambani. Gundi aliipika mwenyewe kwenye debe: lami, sandarusi ya utomvu wa mti, na nyuzi za katani zilizokatwakatwa ili isipasuke ikikauka. Ilikuwa nzito kuliko ugali. Aliilaza kwenye fremu kwa mwiko, mstari mmoja usiokatika, kisha yeye na rafiki yake Athumani wakabandika bati juu na kulikandamiza. Wakimaliza, Athumani alibonyeza dole gumba kwenye gundi iliyovuja ukingoni. Ndiyo ilikuwa sahihi yake, maana kalamu hakuijua. Na maneno hakuwa nayo. Umsemeshe utakavyo, alijibu "mmh" tu, kutoka kifuani.

Athumani alikufa lori lilipopinduka njia ya Mikumi. Alizikwa, na matanga hayajapoa, msimamizi Mzungu akaamuru mabati mazima ya lori lile yafungwe kwenye lori jipya la kubebea wakata mkonge. Baba aliifanya kazi ile peke yake. Nilipompelekea chakula niliona alama ya dole gumba la marehemu bado ipo, imeganda kwenye gundi ya zamani ukingoni mwa bati. Nikaweka chakula chini, nikarudi nyumbani.

Lori lilipotolewa nje juani, likaanza kulia. Mchana bati likipata moto na upepo ukishuka milimani, ubavu wake ulitoa sauti: mmmh. Niliisikia kwa masikio yangu haya. Wakata mkonge walishuka mmoja mmoja, hakuna aliyekimbia, hakuna aliyegeuka nyuma. Kesho yake hawakupanda.

Msimamizi alimwita Baba. "Sauti hiyo iishe kabla ya Ijumaa. La sivyo, utoke kwenye nyumba ya shamba."

"Nipe mpaka arobaini ya marehemu ipite, bwana," Baba alisema. "Ni Jumapili tu."

"Ijumaa."

Nyumbani Mama alimkalia kooni. "Kwani huwezi kuziba tundu, wewe?"

"Naweza."

"Basi ziba, Baba Rehema. Watoto tutawalaza wapi?"

Baba alinawa mikono akala.

Alhamisi akaja mama yake Athumani, ametoka kijijini kwake Kisanga kwa miguu. Alikaa chini kando ya lori, mgongo umegusa bati. "Shikamoo, bibi," nikasema. "Marahaba, mjukuu wangu." Kisha akageuza uso kidogo, akauliza kwa sauti ya mtu anayepakua chakula, "Umekula, Athumani?"

Mmmh.

"Hawakuonei huko?"

Mmmh, polepole. Bibi akatikisa kichwa, akavuta kanga, akaendelea kukaa. Baba alikuwa nyuma yangu ameshika mwiko mkavu. Nilimwona anafuta macho kwa kiwiko, nikaogopa zaidi, kwa sababu nilidhani naye anauogopa mzimu.

Ijumaa ikapita. Jumapili, hitima ya arobaini ilipokwisha, Baba aliwasha moto chini ya debe, akalegeza ukingo wa bati, akakwangua, akapaka, akakandamiza. Bibi aliweka sikio. Upepo ulivuma na lori halikusema kitu. "Haya," bibi akasema. "Amelala."

Jumatatu tulitoka kambini, vyombo kichwani, tukaja kuhamia hapa Magomeni. Msimamizi hakujali kwamba lori limenyamaza; Ijumaa yake ilikuwa imepita.

Sasa yule kijana wa juzi. Alipoona nimesimama akanieleza, kama vile sijui: "Bibi, gundi ya zamani lazima uikwangue yote mpaka bati ling'ae. Ukiacha hata kidogo, mpya haishiki, hewa inapita." Baba alikuwa akiyasema maneno hayo kila siku ya Mungu. Alilijua tundu lile tangu mwanzo. Aliliacha mwenyewe, mahali padogo penye ile alama, ambapo kisu chake kilikataa kupita kabla ya arobaini.

Ya upepo na bati nimeyaelewa. Kwa nini sauti ilikuwa inasubiri bibi amalize kuuliza, hilo sijaelewa, na sitaki mtu anieleze.

Mama alikufa akiamini kwamba mzimu ndio uliotufukuza kambini. Natamani ningewahi kumwambia kwamba Baba aliitoa nyumba yetu mwenyewe, kwa ajili ya alama isiyozidi upana wa dole gumba.