Wateja Wasio na Vichwa

Mama Pini hakumwamini mtu, na mimi niliyepakana naye kwa miaka kumi na moja nilikuwa wa kwanza kwenye orodha. Yeye fundi cherehani, mimi msusi. Kati ya chumba chake na changu kulikuwa na ubao tu uliopigiliwa misumari, na ukiuegemea ubao ule vizuri unamsikia hata mtu anayemeza mate. Nalisema hili mapema ili usije ukanidhania malaika.

Jina la Mama Pini lilitokana na pini alizozibana midomoni akiwa kazini. Alibana nne au tano kwa pamoja, akasema nazo, akagomba nazo, na hakuna iliyowahi kudondoka. Alishona kila kitu, sare, magauni, mapazia, ila kilichowaleta wanawake kutoka mbali kilikuwa kingine. Aliwashonea waliofanyiwa upasuaji wakaondolewa titi. Hakuweka kibao wala tangazo. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, basi. Upande uliobaki mtupu aliujaza kwa bitana na pamba, akapunguza, akaongeza, hata mtu akitembea hujui lipi la Mungu na lipi la Mama Pini. Utani huo ni wake mwenyewe, aliwatania nao wateja na wakacheka, wengine kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Daftari lake la vipimo halikuwa na jina hata moja. Aliandika "Bega la Kushoto", "Mcheka Ovyo", "Mwalimu". Alilifungia kabatini, ufunguo kifuani. Nikimuuliza kwa nini, alinijibu kwamba hakuna siri ya watu wawili, na akinitazama mimi anaona wa tatu.

Simu za kisasa alizikataa muda mrefu. Mwanawe wa pekee alipompa ile yake ya zamani, yenye kamera nzuri, ikahitajika afunguliwe akaunti yake mwenyewe. Simu ikamuuliza tarehe ya kuzaliwa. Mama Pini akaiweka mezani kama sufuria ya moto, akauliza ni nani huyo anayetaka kujua amezaliwa lini, na anataka kumpeleka wapi. Mwanawe akabembeleza wee, akachoka, akaiacha simu ifanye kazi kwa akaunti yake yeye. Mama Pini alikuja kunisimulia kwa majivuno. Wale wanaochungulia watu humo ndani, akasema, watadhani wanamchungulia mwanawe. Amewapiga chenga.

Kisha macho yakaanza kumsaliti. Uzi aliutunga kwa kubahatisha, na mkunjo mdogo wa kwapani hakuuona mpaka mteja alalamike. Ndipo akagundua kwamba picha ya simu ukiivuta kwa vidole viwili inakua. Tangu hapo kila mteja akija kujaribu nguo, alimpiga picha mbili, ya mbele na ya ubavuni, kuanzia shingo kwenda chini. Sura hakuipiga kamwe. Aliwaambia, nguo ikishachukuliwa anafuta. Walikubali kwa sababu ni yeye. Na kweli alifuta, nilimsikia akihesabu kwa sauti: hii nimefuta, hii nimefuta.

Huyo aliyeandikwa "Mwalimu" alikuwa kweli mwalimu, wa hesabu, na binti yake alikuwa darasa la mtihani kwenye shule ileile. Alifanyiwa upasuaji wakati wa likizo, akaaga kwamba anakwenda kumuuguza ndugu. Alitaka binti amalize mtihani kwanza, ndipo amwambie yeye mwenyewe, wawili tu. Waliojua ni daktari na Mama Pini. Na mimi, kwa njia ya ubao, lakini mimi sikuhesabiwa. Alileta kitambaa chake cheupe chenye majani madogo ya kijani, akashonewa blauzi, akaenda nayo kazini na kichwa juu.

Jumanne moja mchana akarudi, akafunga mlango nyuma yake. Mimi nilikuwa na mteja nimemsuka nusu kichwa, na mikono ikasimama yenyewe.

Alieleza kwamba karani wa shule amemvuta pembeni, akamshika mikono yote miwili na kumpa pole. Akamwambia asikate tamaa, shangazi yake alipitia hayohayo na ameishi miaka ishirini. Mwalimu alipomuuliza amejuaje, karani akababaika, akasema mambo hujulikana tu.

"Nilikuwa naomba wiki tatu," Mwalimu alimwambia Mama Pini. "Wiki tatu tu, mtoto amalize. Umemwambia nani?"

Mama Pini aliapa kwa Mungu, kwa marehemu mumewe na kwa mikono yake. Mwalimu hakubisha wala hakukubali. Alitoka, na cherehani haikusikika tena siku hiyo.

Kesho yake nilipofagia mbele ya milango yetu, Mama Pini alisimama kizingitini akasema, bila kumtaja mtu, kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Nikaelewa. Chai ya saa nne, tuliyoinywa pamoja miaka yote, siku hiyo aliinywa peke yake. Nyufa za ubao aliziziba kwa vipande vya vitambaa, kimoja kimoja, na mimi upande wa pili nikiona mwanga unakatika. Cherehani akaihamishia ukuta wa mbali.

Halafu akanitega. Alikuja shoga yake wa kanisani, na Mama Pini akasema kwa sauti ya kuhutubia kwamba mke wa mwenye nyumba ana mimba ya mapacha. Mke wa mwenye nyumba ana miaka sitini. Alitaka aone kama habari itazunguka mtaani na kumrudia. Nilinyamaza kama maji mtungini, na haikuzunguka. Unadhani ilinisafisha? Alimwambia shoga yake kwamba sasa amethibitisha: mimi ni mjanja kuliko alivyodhani.

Niliumia. Niseme ukweli, nilimchukia kabisa siku zile, nikatamani akosee mkato aharibu nguo ya mtu. Kilichonichoma zaidi ni kwamba nilianza kujishuku mwenyewe. Kazi yangu ni vichwa na maneno. Mtu akikaa kwenye kiti changu saa nne nzima, nitamlisha nini kama si mazungumzo? Nikarudi nyuma mteja mmoja mmoja, niliwaambia nini. Nikakumbuka kuna mmoja niliyemwambia kwamba wanaokuja pale jirani wana shida zao. Hilo tu. Lakini nililigeuzageuza mpaka likanikosesha hamu ya kula. Nikamshuku mteja yule. Nikamshuku fundi simu aliyewahi kumbadilishia Mama Pini kioo. Nikamshuku hata daktari.

Jumapili ya wiki iliyofuata Mama Pini alikwenda kwa mwanawe, kama kawaida yake. Haya yaliyotokea huko aliniambia mwenyewe, na aliyarudia mara mbili kana kwamba hakuamini mdomo wake.

Alikaa sebuleni na mjukuu wake wa miaka mitano, mkamwana akiwa jikoni. Katuni zikaisha. Televisheni yao ni ile kubwa iliyounganishwa na mtandao, isipotazamwa huanza kujionyeshea picha za familia yenyewe. Ikapita picha ya harusi. Ikapita ya mjukuu akiwa hana meno. Kisha kikatokea kifua cha mwanamke ndani ya bitana, kimejaa pini upande mmoja, kikubwa upana wa ukuta. Kikafuata kingine. Mama Pini alidhani anaumwa. Alizitambua pini zake, akatambua pazia lake la kujaribia nguo, akamtambua Bega la Kushoto, akamtambua Mcheka Ovyo.

Mjukuu hakuinua hata kichwa kutoka kwenye mwanasesere wake.

"Bibi, hao ndio watu wako wasio na vichwa," alisema. "Mimi nampenda yule wa majani."

Mkamwana alipoitwa alikuja anafuta mikono, wala hakuona kosa. Picha hizo hujileta zenyewe, akasema, wao walijua mama amewatumia ili waone kazi zake. Hata wageni huwa anawaonyesha kwa kumsifu mama mkwe, kwamba anawasaidia waliofanyiwa upasuaji. Wiki mbili nyuma alikaa pale rafiki yake mmoja, karani wa shule, akaisifu sana ile blauzi ya majani.

Basi. Karani aliondoka pale na sifa za fundi kichwani, na Jumatatu akaiona blauzi ya majani ikiingia ofisini na mtu ndani yake.

Akaunti ilikuwa ya mwanawe, na kila alichokipiga Mama Pini kilikwenda kwa mwanawe papo hapo. Alichokuwa akifuta kilikuwa cha kwenye simu tu. Mwanawe alikuja mbio, akabonyezabonyeza, akasema zimetoka.

Mama Pini akamuuliza zimetoka wapi.

"Kwenye televisheni, mama."

"Na kwingine?"

"Kwingine wapi?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Mwanawe akaanza kuhesabu kwa vidole. Aliwahi kuisajilia simu ya mkewe akaunti ileile, na kompyuta ya ofisini kwake, na hakukumbuka vingine.

Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua, nilimkuta Mama Pini amekaa kwenye ngazi yangu. Hana pini mdomoni. Nilitaka apige magoti, sitaficha. Nilikuwa nimeshapanga na maneno ya kumkata.

"Nimekukosea, ndugu yangu," akasema. "Naomba unisindikize kwa Mwalimu. Peke yangu sitafika, nitarudia njiani."

Nikatazama uso wake, maneno yangu nikayameza. Nikafunga kufuli nililokuwa naanza kulifungua.

Tulisubiri shule ifungwe, tukamkuta Mwalimu nyumbani saa kumi jioni, ametoka kazini, karatasi za kusahihisha zimefungwa kwa kamba juu ya meza. Binti alitufungulia, akatuamkia, akatuletea maji. Mama Pini akaomba, kwa heshima, kama mtoto anaweza kutoka kidogo.

"Mwache akae," Mwalimu akasema. "Anajua."

Mama Pini alishika glasi yake bila kunywa. Kisha akasimulia yote, tangu simu ilipomuuliza tarehe ya kuzaliwa. Hakumtupia lawama mwanawe wala mkamwana, hakusema hakujua, ingawa kweli hakujua. Nilimwonea fahari na huruma kwa wakati mmoja. Mwalimu alisikiliza kama anayesahihisha, akauliza maswali mafupi. Kwa muda gani? Mwaka na nusu. Nani wengine walioziona? Hajui. Na sasa ziko wapi? Hajui. Mwanamke aliyekuwa akijua kila sindano yake iko wapi alikaa pale anajibu hajui, hajui.

Mwalimu akamtazama binti yake, kisha akatuambia. Binti aliulizwa na mwenzake kwenye foleni ya maji shuleni, mbele ya watu, kama ni kweli mama yake amekatwa. Hiyo ilikuwa siku kumi na moja kabla. Alirudi nyumbani akanyamaza ili asimuumize mama, na mama naye amenyamaza asimvuruge mtoto. Siku tisa wamekula meza moja, kila mmoja akimlinda mwenzake na jambo lilelile, mpaka juzi binti akasukuma sahani, akalia.

"Nilikuwa nimepanga maneno yangu," Mwalimu akasema. "Miezi minne nimeyapanga. Nilijua nitaanzaje, nilijua akilia nitamjibu nini. Yote sasa ya nini? Ameshaambiwa na mtoto mwenzake aliyebeba ndoo."

Binti alisogea akamshika mama yake mkono. Mama Pini aliinama akalia, na mimi nikatazama zulia kwa sababu sikuwa na pa kutazama.

Kisha Mwalimu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, wengine kwenye daftari wako wangapi.

"Arobaini na wawili."

"Umeshawaambia?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

Mwalimu akainuka, akatufungulia mlango.

"Basi nendeni," akasema. "Wafikieni kabla hawajapewa pole."