Mkoa Usiogusa Mpaka

Chokaa ikimwagiwa maji hutoa harufu ya moto uliozimwa ghafla, harufu inayoshika koo na kukaa humo hadi jioni. Kwa harufu hiyo ndipo nilipoijua nchi yangu. Nilikuwa darasa la tano, na Mwalimu Maganga, aliyetufundisha halaiki, alikuwa ameichora Tanzania nzima kwenye uwanja wa shule moja mjini Dodoma: mpaka wa nje kwa mstari mnene wa chokaa, mikoa kwa mistari myembamba, maziwa kwa majivu ya jikoni. Tulikusanywa kutoka shule za vijiji vya kando ya mji, tukalazwa madarasani juu ya mikeka, tukafanya mazoezi kutwa kwa ajili ya sherehe ya taifa. Watoto wengi walikaa juu ya mistari wakiwa na vitambaa vya rangi. Wachache wetu tulipewa mkoa mmoja mmoja, kusimama ndani yake, kushika zao lake na kuusemea. Kilimanjaro alishika tawi la kahawa, Shinyanga pamba, Tanga mkonge. Mimi nilitoka Makutupora, penye mashamba ya zabibu, kwa hiyo nikapewa Dodoma na kichala cha zabibu za udongo zilizopakwa rangi ya zambarau.

Kusimama katikati ya nchi kulionekana heshima mpaka jua lilipopanda. Kigoma, Mtwara na Tanga waliruka mstari mmoja tu wakawa nje ya nchi, wakakimbilia bombani kunywa maji. Mimi sikugusa mpaka wowote. Singida alinizuia kushoto, Morogoro kulia, Manyara mbele, Iringa nyuma, na amri ilikuwa kwamba mtu asikanyage mkoa wa mwenzake, kwa sababu nyayo zilifuta chokaa. Nilisubiri mpaka nchi nzima ilipopumzishwa. Wenzangu waliligundua hilo mapema. Kigoma akirudi kutoka bombani alijifuta mdomo taratibu huku akinitazama, akisema, “Poleni makao makuu. Huku ziwani maji ni mengi.”

Lakini kiu haikuwa shida yangu kubwa. Kila alasiri niliona mawingu yakikusanyika upande wa kaskazini, juu ya nyumbani. Zabibu zilikuwa zimeiva, na mvua za mwisho zilikuwa hazijakata. Zabibu iliyoiva ikinyeshewa hupasuka ngozi, nyuki na nzi wakaingia, na mnunuzi haichukui. Lori la mnunuzi lilikuwa linakuja Jumamosi, na halikuwa na desturi ya kurudi. Mama alikuwa ametoka kujifungua. Kaka zangu walikuwa mbali na ng'ombe, upande wa Chemba. Vibarua wa kijiji walikuwa kila mmoja shambani kwake, na watoto ambao kila mwaka walishika mikasi na kupita chini ya mizabibu walikuwa pamoja nami, wamekaa juu ya mistari ya chokaa wakipunga vitambaa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nilipoondoka nyumbani baba alikuwa amesema jambo moja tu: mavuno yakiharibika tena kama mwaka uliopita, atang'oa mizabibu.

Baba alikuja Alhamisi, kwa miguu, kofia mkononi. Alikuwa Mgogo, na Mwalimu Maganga Mnyamwezi, yaani watani tangu enzi za misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi. Mtani hakasiriki, na akiombwa kitu huona haya kukataa. Nadhani ndiyo sababu baba hakwenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Alikuja moja kwa moja uwanjani.

“Mtani,” alisema, “babu zenu hawakupita Ugogo bila kulipa. Na wewe umekaa hapa wiki mbili unakunywa maji yetu. Nimefuata ushuru.”

Mwalimu Maganga alicheka, akatoa filimbi mdomoni. “Mgogo na kuomba. Haya, sema, unataka nini?”

“Huyo.” Alininyooshea kidole. “Nyemo. Siku mbili tu, lori likishaondoka namrudisha.”

“Chukua baiskeli yangu. Chukua hata viatu. Huyo ni makao makuu.”

“Baiskeli haikati zabibu. Basi njoo wewe ubebe kreti. Si kazi ya ukoo wenu, kubeba?”

Watoto walicheka, na Mwalimu Maganga akacheka kuliko wote, akijipiga paja. Kisha akaeleza kwamba wakubwa wa mkoa wanakuja kesho yake kukagua, na kwamba nikiondoka kutakuwa na shimo katikati ya nchi. Baba alisikiliza. Halafu alivua kandambili, akaziweka nje ya mpaka, akaingia kupitia Tanga, akavuka Morogoro akiinua miguu ili asikanyage chokaa, akaja kusimama kando yangu. Alinipokonya kile kichala cha udongo.

“Shimo limezibwa,” alisema. “Mwanangu, nenda nyumbani. Mkasi uko juu ya mlango.”

Nilitoka. Kwa mara ya kwanza niliiona ramani kutoka nje, nchi yote, na katikati yake mtu mzima mwenye shati lililotoboka kwapani. Kilimanjaro alikuwa akicheka mpaka tawi la kahawa likamdondoka. Mwalimu Maganga alisema, “Mtani, kwa urefu huo umekuwa mlima. Utatuharibia jiografia.” Baba alitazama mbele, kama tulivyofundishwa sisi. Mimi nilikuwa nimefika langoni. Mgambo aliyekaa pale aliniuliza kibali changu kiko wapi, na niliposema sina, alinyoosha fimbo yake kukinga njia bila hata kusimama.

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Kicheko kilipungua, kikaisha. Mwalimu Maganga alimtazama baba, akatazama lango, akatazama ofisi ya mwalimu mkuu ambako mtu alikuwa amechungulia dirishani. Alizungumza kwa sauti ya chini, lakini uwanja ulikuwa kimya.

“Mzee,” alisema, “naomba utoke.”

Baba aligeuka alipoitwa mzee. Aliweka zabibu za udongo chini, polepole, zisivunjike, akatoka kwa njia ile ile aliyoingilia, akavaa kandambili zake. Aliponipita langoni alinishika kichwa, akasema nisiache kula. Mwalimu Maganga alimfuata hatua kadhaa, akasema, “Mtani, si mimi,” na baba akampungia mkono bila kugeuka.

Mvua ilinyesha Ijumaa. Sherehe ilikwenda vizuri, na walioketi jukwaani walisema hawajawahi kuona ramani nzuri kama ile. Mizabibu iling'olewa kiangazi hicho. Mvua zilipoanza tena mashimo yalikuwa bado shambani, na baba akapanda uwele juu yake.

Leo ofisi yangu iko Mtumba, kwenye mji wa Serikali, mahali ambapo nilipokuwa mdogo palikuwa na vichaka vya miiba na mbuzi. Dodoma niliyoiwakilisha, makao makuu kwa maneno tu, imekuwa kweli: wizara zimehamia, watu wa kila mkoa wanapanga nyumba kwetu, na hakuna anayehitaji mtoto wa kumwonyesha kwamba hapa ndipo katikati. Kazi yangu mojawapo ni kuandika kurasa chache za kuitambulisha nchi kwa wageni: ardhi yake, watu wake, serikali yake, uchumi wake. Wikiendi moja nilimsomea baba sehemu ya Dodoma. Alikuwa amekaa kibarazani, anapukuchua uwele. Nilipofika kwenye mazao aliinua mkono.

“Umeandika zabibu?”

“Ndiyo, baba.”

“Za nani?”

Nilisema za watu wa Makutupora, ambao bado wanazo, na kwamba sentensi hiyo ni ya mkoa mzima, si ya mtu mmoja. Alirudisha mkono kwenye uwele. “Basi ni sawa,” alisema, “iache.” Niliiacha, kwa sababu ni kweli. Dodoma inalima zabibu. Sisi ndio hatulimi.