Nani Atasia Ulezi wa Kwanza

Tangu tumzike baba, baba mdogo Mashauri alikuwa kimya. Mvua zilipokaribia ndipo akapiga simu. "Mwanangu, njoo tupande. Usikose." Utamu wote ule wa sauti ulitoka wapi? Nikajua tu, mzee analitaka shamba la baba.

Asubuhi, pale Nyakato mjini Musoma, nilifunga genge langu la dagaa. Jirani yangu alinionya, "Ukipewa chai, usinywe." Nilimcheka, ila chupa yangu ya maji nilibeba.

Kiabakari nilishuka kwenye basi la Bunda, nikapanda bodaboda ya kuelekea Butiama na kijijini kwetu. "Kwa Mzee Mashauri?" dereva akasema. "Kila siku anatuuliza kama tumepakia mgeni wa Musoma." Mtu anakusubiri hivyo kwa heri kweli?

Jioni, baada ya ugali, baba mdogo alinisimulia kijiji kilivyoanza.

"Hapa palikuwaga pori tu. Babu yako alitoka ziwani na mbegu za ulezi, akafyeka, akasia. Waliokuja nyuma walimwomba pa kulima. Ndo maana mpaka leo hakuna anayesia kabla mzaliwa wake wa kwanza hajafungua msimu kwa kusia. Alikuwaga baba yako. Sasa ni wewe, mtoto wake. Na lile shamba la juu ni la anayefungua."

"Asipokuwepo?"

"Linahamia kwa anayefuata."

"Yaani wewe."

"Yaani mimi," akasema, akanimiminia chai. Alipoingia ndani nikaimwaga nyuma ya nyumba. Kumbe ndiyo hiyo sababu ya kuniita!

Alfajiri nilibeba ungo wa mbegu aliouandaa, nikapanda hadi shamba la juu peke yangu, nikasia na kufukia mpaka punje ya mwisho. Niliona raha! Akiamka atakuta nimeshamaliza.

Jua lilipotoka, majirani walifika na majembe yao. Mama mmoja akauangalia ule udongo uliochimbuliwa, akaniangalia na mimi.

"Huwaga tunashuhudia," akasema. "Kama hakuna aliyeona, hakuna aliyefungua."

Mbegu sina, shahidi sina, na ujanja wote ni wangu mwenyewe. Watu wakamgeukia baba mdogo, aliyekuwa ametokea nyuma yao. Angenyamaza tu, shamba lingekuwa lake.

"Nimemwona mimi," akasema. "Nilimfuata tangu anatoka mlangoni, nikasimama pale kwenye ua wa minyaa. Kasia kwa mkono wa kushoto, kama baba yake."

Yule mama akaguna, akatikisa kichwa kukubali. "Haya, twendeni tukapande." Wakatawanyika kila mtu na shamba lake.

Wakati wa kurudi baba mdogo alinisindikiza mpaka barabarani. Nilikuwa nimesikia habari za babu aliyetangulia kufika, sasa nikamwona mwanawe wa pili, aliyeachiwa nafasi wazi na hakuichukua.

Bodaboda ilipowaka, akaniinamia.

"Na ile chai, mwakani utakunywa?"

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Mwakani naenda bila chupa ya maji.